Mume Wangu Alisema Nne

Kwa muda mrefu mume wangu alikuwa fundi cherehani asiyeweza kuvaa shati. Cheka, ukimaliza niambie niendelee. Kila mtu hucheka kwanza, na siku hizi simkasirikii mtu, maana yangekuwa ya jirani hata mimi ningecheka.

Ilianza kwa mkanda wa jeshi. Malengelenge yalimtoka upande wa kushoto, kuanzia uti wa mgongo, yakapita chini ya kwapa, yakaja kuishia kifuani. Yakapasuka, yakakauka, tukashukuru Mungu tukadhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Ngozi ilipona ila moto ulibaki ndani. Ukimbonyeza kwa nguvu anavumilia, lakini umguse kidogo tu kwa shuka, kwa unywele, kwa upepo wa feni, anaruka. Daktari alisema mishipa ya fahamu imeharibika, inapiga kelele bila sababu. Nikamwuliza itanyamaza lini. Akasema kwa wengine ni miezi, kwa wengine haijulikani.

Kwetu haikujulikana. Fundi, ndivyo mtaa mzima unavyomwita na hata mimi nikiwa sina ugomvi naye, alihamisha cherehani kutoka dukani akaileta chumba cha nyuma, akawa anashona kifua wazi, mlango umefungwa. Mteja akija, binti yetu ndiye anayempima, na baba mtu anauliza vipimo kwa sauti akiwa nyuma ya pazia. Mwanamume aliyewavalisha suti mabwana harusi wa mtaa mzima, yeye mwenyewe hawezi kutoka kwenda kununua chumvi.

Akajishonea mashati ya ajabu. Upande wa kulia shati kamili, kola, vifungo, mfuko wa kalamu. Upande wa kushoto hakuna kitu, kitambaa amekikata kuanzia begani hadi kiunoni. Aliyaita mashati ya dirisha. Wagonjwa wenzake aliokutana nao kliniki wakayapenda, akawashonea nao, kila mtu dirisha lake mahali maumivu yake yalipo.

Na mimi? Mimi nilikuwa simgusi mume wangu. Nalisema wazi kwa kuwa ndilo lililokuwa linaniuma kuliko yote. Tulilala kitanda kimoja na mto mrefu katikati, nisije nikageuka usingizini nikampitishia mkono. Mimi ni msusi, kutwa nzima nashika vichwa vya watu, nacheka nao, nawagonga mabega, halafu narudi nyumbani kwa mtu wangu namsalimia kwa mbali. Nilikuwa na hasira na kila kitu, na nisiyemwonea alikuwa paka tu.

Ndipo hospitali ikaleta majaribio ya plasta. Plasta yenyewe imetengenezwa kwa kiini cha pilipili, ndiyo, hiyohiyo ya jikoni, ila imekolezwa hadi muuguzi anaishika kwa glavu. Wanakubandika pale panapouma, unakaa nayo unaungua, unatukana kimoyomoyo, kisha wanaibandua wanakuosha. Muuguzi wetu, dada mmoja mpole mwenye sauti ya usingizi, alitueleza kwamba mishipa ile inapigiwa kelele kubwa kuliko yake yenyewe hadi inachoka na kunyamaza. Fundi aliposhuka kitandani siku ile alikuwa mwekundu wa macho. Lakini baada ya siku chache nilitoka saluni nikamkuta amekaa barazani amevaa shati, shati zima, anakunywa chai na kusoma gazeti. Nikasimama pale getini nikalia, naye akaniuliza nani amekufa.

Tulipata msimu mmoja mzuri. Kisha plasta ikaisha nguvu, kama walivyosema itakavyokuwa, na asubuhi moja akatoka chumbani shati mkononi. Tukarudi kliniki abandikwe tena. Dada muuguzi akatuonyesha kabati la kioo. Maboksi ya plasta yamepangwa ndani, nayaona kwa macho yangu.

"Funguo ninazo, mama," akasema. "Ruhusa sina. Majaribio yamefungwa. Hadi Bodi ya Dawa iidhinishe, nikimbandika mtu nimevunja sheria."

"Na Bodi inasubiri nini?"

"Inasubiri kikao. Na nasikia haielekei kukubali."

Hapo ndipo Bodi iliponichokoza. Saluni yangu ikageuka ofisi. Mteja akikaa chini ya draya, kabla hajatoka ameshasaini karatasi ya kuiomba Bodi, atake asitake. Wagonjwa wakawa wanakutana kwangu siku ya mapumziko. Alikuwepo Mwalimu, mstaafu aliyefundisha hesabu maisha yake yote. Mkanda wa jeshi ulimpiga kichwani, upande mmoja kitana hakipiti, kwa hiyo nilikuwa namsuka nusu kichwa na nusu nyingine naiacha kama ilivyo. Alikuwepo Dereva wa Treni, kiuno chake ndicho kilichoungua, hakai, hasimami, anazunguka tu saluni akinipangulia vitu. Na wengine wengi. Tulipiga simu redioni, tulisimama na mabango nje ya ofisi ya Bodi juani, tulimfuata katibu wao hadi akawa anatokea mlango wa nyuma. Mwishowe wakatupa siku: kikao cha wazi, wagonjwa waje wasikilizwe.

Nikaandaa hotuba. Niliisuka kichwani pamoja na nywele za watu. Nilitaka kuwaambia wale wakubwa kwamba wamelala, hawana huruma, wanakaa kwenye viti vya kuzunguka huku watu wanaungua. Kulikuwa na sehemu moja kuhusu viti vya kuzunguka ambayo wateja wangu waliipenda sana.

Siku ya kikao nikatoka kuoga nikamkuta Fundi mbele ya kioo amevaa shati jeupe, zima, la mikono mirefu, limepigwa pasi, limefungwa hadi kifungo cha shingo, na koti juu yake. Jasho linamtiririka.

"Unafanya nini?"

"Tunakwenda mbele ya wakubwa. Siendi kwa wakubwa na dirisha."

"Fundi, utazimia humo."

"Sizimii. Nifungie saa."

Nikamfungia saa, mkono wa kulia. Njia nzima alitembea ameshikilia kiwiko mbali na mbavu, na kila aliyetusalimia alimjibu kwamba hajambo kabisa.

Tulipoingia ukumbini nikaona si yeye peke yake. Wote walikuwa wamevaa. Mwalimu amefunga kilemba, juu ya kichwa kisichovumilia kitana. Dereva wa Treni ametoa sare yake ya zamani, na mkanda ameukaza. Wamekaa wima mstari mzima, wanatabasamu, wameuma meno. Ungetuona ungedhani tumekuja kuposa.

Mwenyekiti wa Bodi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Akatusalimia, akauliza hali zetu, na wagonjwa wangu wote wakaitikia kwa sauti moja, nzuri kabisa, ya wanafunzi wa mfano, kwamba hali zao ni njema. Kisha akamwita mtu wa takwimu atoe matokeo.

Nilimtegemea mtu wa kiburi. Akaja kijana mwembamba, anaongea taratibu, na alionekana hafurahii anachokwenda kusema. Akatuonyesha ukutani picha ya nguzo mbili zinazokaribiana urefu.

"Wagonjwa waliulizwa: kati ya sifuri na kumi, maumivu yako ni ngapi," akasema. "Kabla ya plasta, jibu lao kwa wastani ni nne. Baada ya plasta, tatu. Dawa yenyewe inaunguza wakati wa kubandikwa. Kwa faida ndogo namna hii siwezi kuishauri Bodi iidhinishe. Natamani ningeweza."

Nikasimama. Hotuba yote ikanikimbia, nikabaki na swali moja tu.

"Nne ya nani?"

"Ya wagonjwa wenyewe, mama. Hatukuitunga. Waliulizwa, wakajibu."

Nikamgeukia mume wangu. Anatazama viatu vyake.

"Wewe ulisema ngapi?"

Akagusa kifungo cha koti lake.

"Fundi."

"Nne," akasema.

Jamani. Nilihisi damu inapanda hadi kwenye nywele. "Wewe uliyekuwa unalala umekaa kwenye kiti, unauma taulo ili watoto wasisikie, ndiwe uliyesema nne?"

"Yule dada alikuwa amechoka," akajitetea, kwa sauti ya chini, kama vile ukumbi mzima hausikii. "Foleni ilikuwa ndefu. Na pembeni yangu alikaa bwana mmoja mwenye saratani. Ningesemaje tisa mbele yake?"

"Mimi nilisema tatu," Mwalimu akasema nyuma yetu. Watu wakageuka. "Nilidhani kumi ni ya mtu anayekata roho. Mimi sikuwa nakata roho, nikajipunguzia."

"Mwalimu wa hesabu," nikasema.

"Mbili," akasema Dereva wa Treni bila kuulizwa. "Mwanamume aseme ngapi?"

"Haya, na mlipopona?" nikamwuliza Fundi. "Ulipokuwa unavaa shati, unakwenda dukani, unaimba bafuni. Ulisema ngapi?"

"Tatu."

"Tatu ya nini?"

"Ningesema sifuri wangeniondoa kwenye majaribio."

Ukumbi ukaangua kicheko, hata watu wa Bodi. Mimi sikucheka. Adui niliyemwandalia hotuba wiki zote zile nilikuwa nimempikia chai asubuhi na kumfungia saa.

Mwenyekiti akavua miwani ikaning'inia. "Fundi," akasema, "kama ungekuwa nyumbani saa hii, ungekuwa umevaa nini?"

"Suruali, mheshimiwa."

"Na juu?"

"Juu sina kitu."

"Kwa nini leo umevaa?"

"Nimekuja kwenu, mheshimiwa."

"Sasa nakuuliza mimi, na sijachoka, na hapa hakuna foleni. Maumivu yako sasa hivi ni ngapi?"

Akafungua mdomo. Namjua mume wangu, nikaona nne inakuja. Nikamkanyaga mguu. Akanitazama, na machozi yakaanza kumtoka yenyewe, usoni hajakunja hata ndita moja.

"Nane," akasema. "Shati likisogea, tisa. Sijawahi kumwambia mtu."

Hakuna aliyecheka safari hiyo. Mwalimu alifungua kilemba chake akakiweka mapajani, na watu wakaona kile kichwa nusu. Dereva wa Treni akalegeza mkanda. Kijana wa takwimu alikuwa bado amesimama karibu na zile nguzo zake mbili, akazitazama, akazima mashine.

"Mwenyekiti," akasema, "tulidhani tunapima maumivu. Tumepima adabu ya watu hawa."

Mimi nilidhani tumeshinda. Nikaanza kukusanya mkoba. Mwenyekiti akaniambia, "Kaa, mama. Siwezi kuidhinisha dawa kwa sababu mtu amelia mbele yangu. Kesho atakuja mwingine na maji ya rangi, na yeye atalia." Ilinichoma, lakini nikakaa, kwa kuwa saluni nimeuziwa dawa za nywele kwa machozi mengi tu.

Wakaamua hivi. Majaribio yarudiwe. Wapo watakaobandikwa plasta ya kweli na wapo watakaobandikwa bandia, yenye pilipili kidogo ya kuwasha tu, na hakuna atakayejua ipi ni yake, hata muuguzi. Safari hii mgonjwa haulizwi namba. Anaulizwa mambo ya nyumbani: umevaa nini jana, umelala na shuka, umechana nywele, umekaa chini ukala. Na mtu anayeishi naye anaulizwa hayohayo, chumba kingine, mbali naye. Kijana wa takwimu ndiye aliyeyapanga maswali, akaja hadi saluni kutuuliza nini kinachomshinda mtu mwenye ugonjwa ule. Nilimwosha nywele bure.

Tulikutana kabla ya kubandikwa. Dereva wa Treni alikuwa na wazo. "Ni rahisi," akasema akizunguka na ufagio wangu. "Kabla, kila mtu aseme hawezi kitu, hata kijiko hashiki. Baada, kila mtu aseme amepona, anacheza mpira. Tumemaliza."

Watu wakaguna kuafiki. Kusema kweli hata mimi nilivutika, nilikuwa nimechoka. Ni Mwalimu aliyegoma. Akamwambia, "Wewe ukipewa bandia ukasema umepona, bandia na ya kweli zitalingana, zile nguzo zitakuwa sawa tena, nao watasema plasta haina kazi. Tumeshawadanganya mara moja, tukajidanganya wenyewe. Mimi sitii mguu humo tena." Dereva akasimama, akafikiri, akaendelea kufagia. Tukaanza kufanya mazoezi ya kusema kweli, na usidhani ni mchezo. Namwuliza mtu, "Jana umelala?" Anasema, "Nashukuru." Namwambia sijakuuliza kama unashukuru.

Fundi akabandikwa. Aliwashwa, akabanduliwa, tukarudi nyumbani tukaanza kusubiri. Siku zikapita. Shati lake lilining'inia kwenye kitasa cha mlango, na kila asubuhi alilisogeza begani taratibu, akalirudisha. Wiki ikaisha, nyingine ikaingia, shati bado lipo mlangoni. Kwa Mwalimu habari zilikuwa nyingine kabisa. Alikuja saluni akakaa kwenye kiti, akaniambia, "Nisuke kichwa kizima," na nilipopitisha kitana upande ule alifumba macho, nami nikaogopa, kumbe anafurahi.

Nilimfurahia Mwalimu, Mungu anajua. Kisha nikaenda uani nikalia kwa wivu.

Siku ya maswali ilipokaribia, Fundi hakuwa anakula. Nilimkuta chumba cha nyuma, cherehani imenyamaza, sindano imesimama katikati ya mshono.

"Haijanisaidia," akasema. "Hata kidogo."

"Labda ulipewa bandia."

"Na kama nilipewa ya kweli? Ikiwa imeshindwa safari hii, nikisema hivyo, nitakuwa nimewafungia wenzangu lile kabati. Mwalimu amesuka kichwa kizima. Nani mimi nikamvurugie?"

"Kwa hiyo utasema imekusaidia?"

Akavuta uzi uliotokeza kwenye mshono. Akaniuliza, "Wewe watakuuliza chumba kingine. Utasema nini?"

Mimi mdomo wangu haujawahi kukosa la kusema, muulize yeyote, na uongo ulikuwa umeshafika ulimini. Nilimtaka yule mtu wa barazani mwenye gazeti. Kama uongo ungemleta, ningesema uongo mchana kweupe na kiapo juu. Ila nilikumbuka zile nguzo mbili ukutani, na nani aliyezijenga.

"Nitasema ulivyo," nikamjibu. "Huvai, hulali, na mimi sikugusi."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi na mimi nitasema hivyohivyo. Ikifa, ife kwa kweli yake."

Dada muuguzi alikuja na mwenzake. Fundi wakamchukua chumbani, mimi wakanibakisha jikoni. Ukuta wetu ni mwembamba, nikamsikia akijibu. Umevaa shati tangu ubandikwe? Hapana. Umelala na shuka? Hapana. Umetoka nyumbani? Hapana. Kila hapana ilitoka polepole, na kila moja ilikuwa inamgharimu, kwa kuwa mtu yule amelelewa kusema ndiyo, asante, sijambo. Nami nikajibu zangu. Walipoondoka tulikaa jikoni, tumepoa, kama watu waliotoka kuzika.

Kikao cha pili ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama kwenye korido. Wateja wangu walifunga safari, mmoja na rola kichwani. Fundi alivaa shati la dirisha. Mlinzi wa mlangoni akamtazama kuanzia juu hadi chini, akamwambia hapa ni mahali pa heshima. Fundi akamwambia, "Najua, ndugu yangu. Mara ya kwanza niliheshimu sana, ikatuponza." Akapita.

Yule kijana wa takwimu akawasha mashine yake. Nguzo zilikuwa mbili tena, lakini safari hii moja ilikuwa ndefu hadi karibu na dari, na nyingine fupi, imekaa chini kama kigoda.

"Hii ndefu ni waliobandikwa plasta ya kweli na wakarudia mambo yao ya kila siku," akasema. "Hii fupi ni waliobandikwa bandia. Majibu ya wagonjwa na majibu ya watu wa nyumbani kwao yanakubaliana karibu yote. Nimekuwa kazini muda, sijaona majibu safi namna hii." Akatugeukia. "Nataka niseme jambo moja kwa wale waliopewa bandia. Mlikuwa mnaumwa, na mngeweza kutuambia mmepona ili dawa ipite. Mngefanya hivyo, nguzo hii fupi ingepanda, nami leo ningesimama hapa nikasema hapana kwa mara ya pili. Nyinyi ndio mliotuonyesha tofauti."

Nikamtazama Fundi. Alikuwa amefungua bahasha aliyopewa mlangoni, ndani imeandikwa bandia, na ameikodolea macho ile nguzo fupi, na midomo inamcheza.

"Niko mle," akaninong'oneza. "Mama watoto, niko mle ndani."

"Umo," nikamwambia. "Ukae hapohapo."

Mwenyekiti akavaa miwani yake akasoma. Alisoma vifungu vingi, mimi sikusikia hata kimoja hadi alipofika pale pa kusema Bodi ya Dawa imeidhinisha plasta itumike katika hospitali zote za serikali, kuanzia siku hiyo. Wagonjwa wangu hawakuzoea kupewa kitu, walikuwa wanasubiri ile "lakini" ya kufuata. Mwenyekiti akatutazama juu ya miwani, akasema, "Nimemaliza. Mnaweza kufurahi."

Nikapiga kigelegele. Ndani ya ofisi ya serikali, mbele ya Bodi nzima, nikapiga kigelegele kilichonitoka kwenye nyayo. Wateja wangu wakanipokea, korido ikapokea, Dereva wa Treni akapiga mluzi kama anaingiza garimoshi stesheni. Mwalimu alikaa na msuko wake wa kichwa kizima, anafuta miwani, anafuta tena. Hata katibu aliyekuwa akitukimbia mlango wa nyuma alikuja kutupa mkono, na mimi nikampa. Sikumsamehe, ila nilimpa.

Tulikwenda moja kwa moja kliniki, msafara mzima. Dada muuguzi alifungua kabati la kioo mbele yetu. Waliopewa bandia ndio walioanza. Fundi alilala kwa ubavu wa kulia, akabandikwa ya kweli, na ilipoanza kuwaka dada akamwuliza inauma kiasi gani.

"Inaunguza vibaya sana, dada," akasema Fundi. "Niletee barafu, na ufanye haraka."

Dada akacheka hadi akasahau barafu.

Siku ile ilipofika sikuwa naitegemea. Nilikuwa jikoni nimegeukia jiko, mikono ina unga, nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Nikageuka. Amevaa shati, vifungo vyote, si la dirisha. Nikamwambia hongera, nikabaki nimesimama pale, mikono juu kama mtu aliyekamatwa, kwa mazoea ya kutomsogelea.

"Njoo," akasema.

"Nina unga."

"Njoo na unga wako."

Nikaenda. Nilimshika kwanza kwa ncha za vidole, upande ule wa kushoto, kwapani, mgongoni, nikisubiri aruke. Hakuruka. Nikamzungushia mikono yote miwili nikakaza, nikaweka kichwa kifuani pake, nikamsikia moyo unavyokwenda. Nilikuwa nimesahau urefu wake, kwamba kidevu chake kinafika wapi kwangu.

"Inauma?" nikamwuliza.

Akapima kwanza. Siku hizi anapima.

"Kidogo," akasema. "Usiniachie."